Mchanga wa Fedha

Boti yetu iliketi kwenye tope la Mkanda kama kuku anayeatamia, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Nahodha alizima injini, akaitazama mikoko ya upande wa Manda iliyobaki na mizizi yake yote nje, akasema, "Mai yamepwa," kisha akajinyoosha juu ya magunia ya unga akalala. Mkanda ni mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, na ndiyo njia ya mkato ya kutoka Lamu kwenda Pate. Anayetaka kuupita huangalia maji kwanza, saa baadaye. Siku ile tulichelewa kuondoka kwa sababu abiria mmoja alirudi mjini kufuata chaja ya simu yake. Abiria huyo ni mimi, na wenzangu walikuwa waungwana mno hata kunikumbusha.

Nilikuwa nakwenda Siyu, kisiwani Pate, kwa jamaa za mama. Mimi nimekulia Mombasa, na kwa watu wa Pate mtoto wa Mombasa ni kama nazi iliyoanguka mbali na mnazi wake: inaokotwa, lakini inaulizwa maswali. Mzee aliyekaa karibu nami, kofia ya vito kichwani na kikoi kimefungwa vizuri kuliko nitakavyoweza kufunga changu maishani, aliniuliza lile la kwanza.

"Mwanangu, wewe u mwana wa nani?"

Nikamtajia mama, nikamtajia babu. Akatikisa kichwa polepole, akipanda na kushuka ukoo wetu kimoyomoyo. Aliporidhika alinipa embe, akaangalia lile tope lililotuzunguka, akasema tutakaa hapo saa tatu, kwa hiyo bora nisimuliwe kitu. Nilijua atakachosimulia kabla hajafungua kinywa. Kisiwani Pate, mgeni mwenye daftari husimuliwa habari za Wachina.

Hadithi yenyewe ni hii. Zamani merikebu kubwa ya Wachina iligonga mwamba karibu na Shanga, kusini mwa kisiwa. Mabaharia waliookoka wakaogelea mpaka pwani. Watu wa Shanga hawakuwataka, na walikuwa na sababu zao. Lakini siku zile kulikuwa na chatu aliyekuwa akimeza mifugo na watoto, na hakuna shujaa aliyemuweza. Wachina wakasema, tukimuua mtatupa nini? Wakaambiwa, mkimuua mtakaa. Wakamuua. Kila msimuliaji ana njia yake ya kumuua yule chatu. Mzee wangu alimuua kwa upanga mmoja uliovutwa kutoka ndani ya fimbo, na mkono wake ulikata hewa ya Mkanda kwa namna ambayo mama mmoja mbele yetu aliinamisha kichwa. Basi wakakaa, wakasilimu, wakaoa. Shanga ilipokufa walihamia Siyu pamoja na wenyeji wao, na Siyu hadi leo ipo mbari ya Wafamau, ambao wengine huwaita kizazi cha wale mabaharia.

Nimeisikia mara nyingi mno. Nilipokuwa mdogo nilimtafuta yule chatu ndotoni. Nilipokuwa mkubwa nilianza kuikagua, kama mtu anayegonga nazi kabla ya kununua.

Kwamba Wachina walifika pwani hii si ngano. Amiri Zheng He aliongoza safari saba baina ya mwaka 1405 na 1433, na baadhi ya merikebu zake zilishuka hadi huku. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na watu wa huko wakamwona ni yule mnyama wa baraka wa hadithi zao, qilin. Mwaka 2013 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Manda, kisiwa kilekile ambacho mizizi ya mikoko yake nilikuwa nikiikodolea macho, waliokota sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle aliyetawala mwaka 1402 hadi 1424. Ndiye aliyemtuma Zheng He. Na mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza, binti mmoja wa Siyu alipewa ufadhili akasome huko kwa kuwa ukoo wake unajinasibisha na wale mabaharia. Watu wa Siyu walimsindikiza kama anayerudi kwao.

Lakini kuna mambo hayakai sawa. Wako wanaosema jina Shanga linatoka Shanghai. Shanga ilichimbwa miaka ya 1980 na Mark Horton na wenzake, na chini ya magofu ya msikiti wa mawe walikuta msikiti juu ya msikiti, mpaka wakafika kwenye kijumba cha miti na udongo cha karne ya nane, ambacho kingetosha waumini wachache tu. Mji ulikuwa na miaka 600 na zaidi ya kuswali, kufua chuma na kuuza pembe kabla Zheng He hajapandisha tanga. Kisha ukaachwa, yapata mwaka 1425. Tarehe hiyo inaufurahisha sana upande wa wapenda chatu, na nakiri hata mimi ilinitekenya. Ila Habari za Pate, ile historia ya wafalme wa kisiwa, zinasema Shanga ilivunjwa na mji wa Pate uliokuwa ukipanua ubavu wake. Jirani ndiye aliyeiua. Na vigae vya kauri ya China vilivyojaa katika mchanga wa Shanga? Vilikuwa vikija karne nyingi kabla, vikipita mkono kwa mkono, chombo kwa chombo, kupitia India na Ghuba. Bakuli la China halihitaji Mchina wa kulileta, kama simu yangu isivyohitaji.

Nilimwambia mzee hayo kwa adabu, nikipunguza punguza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatema kokwa la embe majini, akasema, "Na chatu je?"

Sikuwa na jibu la chatu.

Kilichokuwa kikinisumbua siku nyingi si kama hadithi ni kweli au uongo. Ni umbo lake. Zikusanye hadithi kuu za kisiwa hiki uziweke mstari mmoja, utaona zote zimekatwa kwa kiolezo kimoja. Wanabahani waliotawala Pate: walitoka Omani, Selemani bin Selemani akashuka na mali, akamwoa binti wa mfalme aliyekuwapo, ufalme ukawa wake. Wachina: wakashuka, wakaua chatu, wakaoa. Shuka mpaka Kilwa, ni kisiwa kingine kabisa, ukute Ali bin Hasan wa Shirazi akikinunua kisiwa kizima kwa vitambaa vya kukizungushia. Mgeni anatoka baharini, anatoa kitu, anapewa mke. Mwenyeji yuko ufukoni, mkono juu ya macho, anangoja afikiwe. Ukizisikiliza hizi tu utadhani watu wa Pate hawakuwahi kulowesha miguu.

Wageni walikuja kweli, sikatai. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani yetu, Manda na Faza ya kisiwani Pate zikiwamo. Ulionyesha kwamba yapata mwaka 1000 damu za pande mbili zilichanganyika: kwa sehemu kubwa mama Waafrika, na baba waliotoka Asia, hasa Uajemi. Kwa hiyo bibi zetu waliposema "sisi tuna Ushirazi" hawakuwa wakijipaka rangi tu. Ila uchunguzi huo nao, ukiusoma haraka, unarudi palepale: waliokuja. Mimi nataka waliokwenda.

Walikwenda na nini? Walikwenda na mtepe.

Sijawahi kuuona mtepe ukielea, na hakuna wa rika langu aliyeuona. Nimeona vielelezo vidogo kwenye jumba la makumbusho la Lamu, nyuma ya kioo. Ni chombo cha ajabu. Hakina msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa kwa keke, zikapangwa ukingo kwa ukingo, zikashonwa kwa kamba ya makumbi kama mtu anavyoshona mkoba, na vijiti vya mti vikapigiliwa kuzishikiza. Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka wa miyaa. Omo ilichomoza mbele kama shingo ya ngamia, na ilichorwa macho ili chombo kione njia. Wazee husema hiyo ni shingo ya ngamia wa Mtume. Kuhusu misumari nayo ipo hadithi ya mabaharia wa bahari hii nzima: kwamba chini ya maji kuna majabali ya sumaku, na chombo chenye chuma kikipita juu yake misumari huchomoka yote kwa pamoja, mbao zikasambaa kama mchezo wa watoto.

Mafundi hawakuhitaji sumaku kueleza. Chombo kilichoshonwa hunyumbuka. Kikipanda fungu, na katika maji haya kupanda fungu si ajali, ni ratiba, kinajikunja kidogo, kinalalamika, kinangoja maji. Chenye misumari kinapasuka. Gharama yake ni kuvuja: mtepe ulivuja mchana na usiku, na palikuwa na baharia ambaye kazi yake safari nzima ilikuwa kuinama kwenye ngama na kufua maji. Na jambo moja ambalo sikulisoma popote nikalielewa siku nilipomwona bibi mmoja akifukua makumbi yaliyovundikwa miezi kadhaa kwenye tope la ufuo, akiyaponda kwa gongo hadi yakawa usumba, akasokota kamba juu ya paja lake: misumari ya mtepe ilikuwa ikitengenezwa na wanawake. Hakuna hadithi ya chatu inayowataja.

Ufundi huo ni wa kale sana. Mgiriki mmoja aliyeandika mwongozo wa bandari za bahari hii katika karne ya kwanza aliutaja mji wa Rhapta, ambao jina lake katika lugha yake limetokana na vyombo vya kushonwa. Akataja pia kisiwa ambacho watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya mti mmoja, na walitega samaki kwa vikapu vilivyosukwa. Visiwa vinagombania heshima hiyo mpaka leo. Mimi ninachoona hapo ni dema, lilelile lililokuwa limetundikwa kwenye boti iliyokwama pembeni yetu pale Mkanda, likinuka ngisi.

Na walifika wapi? Mreno Tomé Pires, aliyekaa Malacca muda mfupi baada ya Wareno kuiteka mwaka 1511, aliandika orodha ya watu waliokuwa wakifanya biashara katika bandari hiyo, na ndani yake wamo watu wa Kilwa na wa Malindi. Malacca iko upande wa pili wa bahari, karibu na China kuliko na sisi. Watu hao hawakuoa binti wa mfalme wala hawakuua nyoka, au kama waliua, hakuna aliyerudi kutusimulia. Waliuza, wakanunua, wakangoja upepo.

Kabla yao zilikwenda boriti. Al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya kumi, anasema nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Miti ya kwetu ikibeba dari za watu kule ambako jua halioteshi mti wa maana. Biashara hiyo iliendelea zaidi ya miaka 1000. Majahazi ya Waarabu yalishuka na kaskazi, kuanzia Desemba, na tende na chumvi na mazulia. Yalipakia boriti Lamu, yakapanda na kusi miezi ya Aprili na Mei, kabla kusi haijawa kali. Hesabu yake ilikuwa kwa korija, korija moja miti ishirini, na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ukiingia nyumba ya mawe ya zamani, Siyu kwetu au mbali huko Ghuba, utashangaa kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Upana wa chumba ni urefu wa boriti. Mkoko wa Pate ndio uliopima vyumba vya watu ambao hawakujua Pate iko wapi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkata boriti. Alikufa nikiwa na miaka saba, na nilichobaki nacho ni viganja vyake vilivyokuwa vyekundu kwa gome la mkoko, wekundu usiotoka hata kwa sabuni ya Ijumaa. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje, mwaka 1982, mama anasema babu alikaa barazani mwezi mzima akikitazama kitoka chake, kile kishoka cha kukatia. Sikatai kwamba mikoko ilihitaji kupumzishwa. Nasema tu kwamba uzi wa miaka 1000 ulikatika siku hiyo, na hata shairi moja silijui lililoulilia.

Hadithi moja tu ninayoijua inakwenda kinyume na zote, na niliipenda tangu mara ya kwanza. Inatoka kwenye hizo Habari za Pate. Kitabu chenyewe cha kale, husemwa, kiliteketea Witu mwaka 1890 Waingereza walipoupiga mji ule kwa mizinga. Kilichobaki kilitoka kinywani mwa Mnabahani mmoja aliyeitwa Bwana Kitini, akawasimulia wenye kalamu. Basi kilichookoka nacho ni kama jahazi lililotoboka: mengine yamelowa, mengine yamezolewa na wimbi. Hii nitaisema kama nilivyoipokea.

Palikuwa na kijana wa ukoo wa kifalme, mpenda safari. Bahari ilikuwa imemuingia. Alisafiri akipata, akasafiri akipata, mpaka safari moja akapotea: dhoruba, siku nyingi, nchi haionekani, maji ya kunywa yanakwisha. Wakaangukia kisiwa wasichokijua. Wakashuka, wakachimba jiko mchangani, wakawasha moto wapike. Moto ulipokolea, mchanga ukaanza kuyeyuka na kumetameta. Yule kijana hakusema neno. Akawaamrisha mabaharia waupakie mchanga chomboni, na wao wakadhani bwana wao ameshikwa na jua. Njiani dhoruba ikarudi. Wakautupa baharini, gunia kwa gunia, ili chombo kipate kuelea, naye akawazuia uliobaki kidogo chini. Walipofika Pate akamwita mfua fedha. Mchanga ulikuwa fedha tupu. Ndipo Pate ilipotajirika, mpaka waungwana wakawa na ngazi za fedha za kupandia vitandani.

Angalia vizuri. Anayeondoka ni mwana wa Pate. Chombo ni cha Pate. Kisiwa cha kigeni ndicho kinachofikiwa, na hakina mfalme wala binti wa kuozwa. Kina mchanga tu na jiko la chakula. Na mashujaa wanaoutupa utajiri wao wenyewe majini kwa sababu ya kutojua, hao ni mabaharia wa kweli kabisa, nawajua, nimekaa nao barazani. Sijui hadithi nyingine ya pwani yetu ambamo mali inatoka nje kwa mkono wetu. Na utajiri wenyewe haukuwa ndoto: hariri iliyofumwa Pate ilisifiwa na Wareno, na nyumba zake zilikuwa na vidaka vya plasta mpaka dari. Ila hadithi inajua jambo ambalo orodha za forodha hazijui, kwamba sehemu kubwa zaidi ilibaki baharini.

Mzee aliniuliza nani kanisimulia hiyo. Nikasema nimeisoma. Akasema, "Ah," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa wali umepikwa kwa mafuta ya kopo.

Tulikuwa tumekaa saa moja na nusu. Jua lilikuwa utosini. Mtu akauliza kama maji yameanza kurudi, na mwingine akajibu kwamba maji ya Mkanda hayaulizwi tangu siku ya Shela. Watu wakacheka, mimi nikacheka nikiwa nimechelewa kidogo.

Siku ya Shela Pate haisimulii kwa hiari. Yapata mwaka 1812 jeshi la Pate, pamoja na washirika wao Mazrui wa Mombasa, lilishuka Shela, kwenye ncha ya kisiwa cha Lamu, kuitia adabu Lamu iliyoanza kuota pembe. Walikuwa wengi na walijiamini. Waamu, watu wa Lamu, wakawatokea na kuwasukuma nyuma kuelekea ufukoni, ambako vyombo vyao vilikuwa vinawangoja, na walipofika walivikuta vimelala ubavu juu ya mchanga mkavu. Maji yalikuwa yamepwa. Waliuawa pale, kandokando ya majahazi ambayo hayakuweza kuelea, na inasemwa mifupa iliendelea kufichuliwa na upepo katika vilima vya mchanga vya Shela kwa miaka mingi. Lamu ukiuliza utaambiwa habari ya uganga, chungu na upatu wa shaba vilivyozikwa ili akili za Wapate zipotee. Mimi nimekwama Mkanda kwa sababu ya chaja. Najua akili hupoteaje bila upatu. Watu waliohesabu siku zao za bahari tangu Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia, mwongo kwa mwongo, yaani siku kumi kumi, waliojua bamvua na maji mafu kama wajuavyo majina ya watoto wao, siku moja walikuwa na hasira mno hata kuyatazama maji. Baada ya hapo Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, naye akaleta liwali na askari, na Pate haikuinuka tena.

Faza imekumbukwa vibaya zaidi, kwa maana haikumbukwi. Mwaka 1587 jeshi la Wareno lililotoka Goa likaadhibu miji iliyompokea yule Mturuki, Mir Ali Bey, aliyepita pwani akiwachochea watu dhidi ya Ureno. Faza ilipigana. Wareno waliua kila waliyemkuta, wakakata minazi wanayosema wenyewe ilifika 10,000, na kichwa cha mtawala wa mji kikapelekwa Goa. Nimekunywa chai Faza mara nyingi, nimeonyeshwa kaburi la Amir Hamad, jemadari wa Seyyid Said aliyeuawa mwaka 1844 akipigana na Siyu na Pate, na wanaonyesha kwa fahari, kwa sababu vita hivyo kisiwa kilishinda. Ya 1587 hakuna aliyewahi kunitajia. Huenda ni kwa sababu wageni wale hawakutoa kitu wala hawakuoa. Kiolezo kiliwakataa.

Mnamo saa nane boti ilitikisika. Ilikuwa kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Vipovu vikaanza kupita baina ya mizizi ya mikoko, na kaa waliokuwa wametamba juu ya tope wakarudi mashimoni mmoja mmoja. Nahodha aliamka bila kuamshwa.

Nilimgeukia mzee. Saa tatu nzima alikuwa amenisimulia Wachina, Wareno, Waarabu na jini mmoja wa Ras Kitau ambaye nimemwacha kwa sababu za nafasi, na mimi nilikuwa nimemjibu kwa vitabu. Kisha nikaona aibu ya kitu ambacho sikukifanya.

"Na wewe mzee," nikasema, "ulipata kusafiri?"

Aliniangalia kama nimemuuliza kama alipata kula.

"Mukalla mara nyingi. Nilipanda chombo cha Wakuwaiti nikiwa sijaota ndevu, nikifua maji. Basra mara mbili." Akachukua kopo la maziwa lililokatwa mdomo, akainama, akaanza kuyatoa maji yaliyokuwa yamekusanyika miguuni mwetu, akiyamwaga nje bila kuangalia, kwa mkono ambao haukuwa ukingoja amri ya mtu. "Ya tatu tulivunjika."

"Wapi?"

Injini iliwaka. Alinyoosha kidevu kuelekea kaskazini, kule ambako hakuonekani kitu, akasema jambo ambalo sikulisikia, akaendelea kufua maji.